Africa Twin kisiwani: ugomvi wangu ni na chumvi, si na masafa

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Fuoni. Umeuliza kama kuna akili kuinunua ile pikipiki ya Honda, Africa Twin 750 ya zamani, ukaiweka Unguja, na kama urefu na uzito wake hautakushinda, na wenzetu humu washakujibu kwa kejeli kwamba kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 90 toka kichwa hadi mkia, sasa tangi la lita 23 la nini. Mimi ninayo ya mwaka 1996. Huu mwaka wa saba, mitatu ya mwanzo nilikuwa nayo Pemba kikazi, iliyobaki hapa Mjini. Masafa hayajanisumbua hata siku moja. Kilichonitoa jasho ni chumvi, na zile siku ambazo pikipiki imelala tu barazani.

Yangu hula lita moja kwa kilomita 17 au 18. Nikijaza, naondoka Nungwi hadi Makunduchi, narudi, na bado nina mafuta ya kuzurura. Raha, lakini ukiwa mtu wa kutoka Ijumaa kwa Ijumaa, petroli ileile unakaa nayo mwezi mzima. Kabureta ziko mbili na vitundu vyake ni vyembamba. Petroli ikilala mle huacha utando wa rangi ya chai, na siku unayoitaka pikipiki inakohoa kama mzee wa masika. Chini ya kila bakuli la kabureta pana skrubu. Ukijua utakaa wiki tatu hupandi, ifungue umwage. Tangi nalo ni la chuma, basi liache limejaa, maana likiwa nusu tupu hewa iliyomo hutoka jasho usiku na kutu inaanzia ndani, usikokuona.

Sasa chumvi. Mwaka wa kwanza niliporudi Unguja nilikuwa nashinda Bwejuu kila mwisho wa wiki, na kila nikitaka kuondoka namwambia kijana anioshee pikipiki vizuri. Anaosha, inang'ara. Baada ya miezi kadhaa naona unga mweupe umezunguka vichwa vya spoku pale vinapoingia kwenye rimu, na pini za breki ya mbele zimeganda, tairi linazunguka kwa kusuasua. Nikasema huyu kijana hafanyi kazi. Siku moja nikachukua kata, nikachota maji ya kisima chake nikayaonja. Chumvi tupu! Upande ule wa mashariki ni jiwe la matumbawe, bahari inapenya chini kwa chini hadi visimani. Miezi yote ile nilikuwa nalipa pesa niogeshewe pikipiki kwa maji ya bahari. Tangu siku hiyo siioshi mpaka nimefika nyumbani kwenye maji matamu, na siipigi maji kwa nguvu kwenye beringi wala nyaya. Nikimaliza naizungusha kidogo mtaani ikauke, kisha mnyororo unapata oili ungali na joto. Na ufukweni siingii nayo, hata maji yakitoka na mchanga ukawa mgumu kama sakafu. Wale mnaopiga picha magurudumu yamo ndani ya mawimbi, shauri yenu.

Lakini somo lenyewe nililipatia Pemba. Kule, ndugu yangu, kila pikipiki ni "honda", hata kama imeandikwa jina jengine ubavuni, kwa hiyo nikisema yangu ni Honda watu wananitazama kama nimewaambia kuwa maji ni maji. Basi nimetoka Wete, nimepita Konde, nimeingia msitu wa Ngezi, njia imelowa na ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mbele kidogo naona taa imefifia. Napiga honi, inalia kama mbuzi mwenye mafua. Kufika Makangale ikazimika kabisa.

Akaja fundi wa pale, kijana mdogo, spana zake kazifunga kwenye kitambaa. Hajawahi kuona mashine ya silinda mbili yenye plagi nne, lakini hakubabaika. Akaniuliza tu, "Ami, umeme wa kuchajia betri unapita wapi?" Tukafuata nyaya tatu za manjano zinazotoka kwenye mashine hadi regyuleta, kile kidude kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri. Soketi inayoziunganisha ilikuwa imeyeyuka, plastiki imekuwa kahawia, na alipoivuta vikatoka vijipini vimejaa ukijani ule wa sarafu kuukuu. Chumvi ilikuwa imekula madini, umeme ukawa unapita kwa shida, ukipita kwa shida unazaa joto, joto likachoma soketi, na mimi nikawa natembelea akiba ya betri bila kujua. Akaikata soketi, akazikwangua nyaya kwa wembe mpaka zikawa nyekundu, akazisokota waya kwa waya, akafunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Tukaazima umeme kwenye betri ya gari ya abiria, ikawaka. Msokoto ule ulinifikisha Chake, na ulikaa wiki nzima kabla sijaulehemu. Nilipomuuliza kiasi gani, akataka apewe nafasi ya kuiendesha. Miguu haikufika chini, akaghairi mwenyewe.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili, la urefu na uzito. Kiti kiko sentimita 86 hivi toka ardhini, na uzito wake mkavu, bila mafuta, unapita kilo 200. Ikiwa inakwenda huuhisi. Utauhisi unapogeuza kwenye kichochoro, au kwenye mchanga wa mbele ya nyumba. Mimi nimeiangusha mara nne, zote nimesimama! Moja karibu na majamvi ya karafuu yaliyoanikwa kando ya njia, bibi mwenye karafuu akanitolea maneno ambayo siyaandiki hapa.

Vipuri visikutie hofu sana. Beringi zina namba ubavuni, peleka namba utapata. Tyubu ya mbele ni ya inchi 21 kama za pikipiki za kawaida za njia mbovu (trail). Tairi la nyuma, 140/80 ya inchi 17, ndilo la kuagiza mapema kabla la zamani halijaisha. Pampu ya mafuta ndiyo gonjwa lao linalojulikana dunia nzima. Ikifa njiani na tangi limejaa, mafuta hushuka yenyewe, basi unairuka pampu kwa kuunga mpira toka tangini hadi kabureta, ukaenda polepole.

Huyo muuzaji wako anakwambia haijawahi kufunguliwa, kama kwamba hiyo ni sifa. Mwombe ruhusa uifikie hiyo soketi ya nyaya tatu za manjano. Ukikuta vijipini safi vimepakwa mafuta ya mgando, mtu huyo ameitunza, mlipe bei yake. Ukikuta ukijani, toa kwenye bei gharama ya regyuleta, pini za breki na spoku za magurudumu mawili, kisha msikilize atasema nini.