Mwanangu hatoki chumbani

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Mwanangu ana miaka 22. Tangu msimu wa korosho uishe hatoki chumbani, halali, chakula anakigusagusa tu. Majirani wanasema karogwa. Nifanyeje?
Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wodini nimewaona wengi wa namna hiyo, na nyumbani kwetu mdogo wangu alikuwa hivyohivyo. Maneno hayakumtoa. Nikamkalisha barazani na wavu wa marehemu baba, ashone palipotoboka. Siku ya kwanza alishona matundu matatu, akaacha. Siku ya nne akaniuliza, "Dada, chai hakuna?" Nililia jikoni.

Lakini wavu peke yake hautoshi. Mpeleke hospitali ya Ligula, ueleze kama ulivyonieleza. Akipewa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, asiziache njiani. Kumwombea, mwombee. Kumfunga kamba, hapana!

Muulize pia waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, mwende hospitali siku hiyohiyo. Na ile dawa ya kupulizia mikorosho iliyobaki stoo, itoe nyumbani leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti.