Kioo cha Mlango Kinanasa kwenye Paa la Turubai

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu lina paa la turubai linalokunjwa, na vioo vya milango yake havina fremu. Tangu nilipobadilisha betri, kila nikifungua mlango kioo hunasa kwenye mpira wa paa. Je, paa limepinda?
Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, usiliguse paa kwanza. Katika magari mengi ya aina hii, unapovuta kitasa, swichi ndogo iliyo ndani ya komeo huiamuru mota ishushe kioo kwa takriban sentimita 1, na mlango ukishafungwa kioo hupanda tena na kujipachika ndani ya mpira. Betri inapoondolewa, mfumo huo huweza kupoteza kumbukumbu ya vikomo vya kioo, nacho kikabaki juu. Kwa kawaida hukumbushwa kwa kushusha kioo hadi chini, kuendelea kubonyeza kwa sekunde chache, kisha kukipandisha vivyo hivyo, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye utaratibu kamili.

Kioo kikikataa kushuka, fundi umeme aipime swichi ya komeo. Kikishuka na bado kinanasa, kagua mpira, kwani jua letu huukausha. Usafishe, uupake grisi ya silikoni, wala si oili ya injini (mafundi wengine huipenda mno), ambayo huuharibu. Kurekebisha mwinamo wa kioo ni hatua ya mwisho. Kwa sasa, shusha kioo kidogo kabla ya kufungua mlango.