Dawa inasambaa juu ya kabichi lakini viwavi wapo: iangalie kwa taa ya kukagulia noti

Mkuu, umesema umechanganya dawa na sabuni ya maji, unaona imesambaa kwenye kabichi, lakini viwavi bado wapo, ukauliza kama kuna namna ya kuona imefika wapi. Ipo. Nafanya kazi maabara hapa Moshi na nina kabichi zangu Kibosho, nimelijaribu hili kwa mikono yangu.

Jani la kabichi lina nta, kwa hiyo maji matupu husimama juu yake kama shanga. Mvutano wa uso wa maji (nguvu inayolikusanya tone lisitandae) ni kama milinyutoni 72 kwa mita. Wa spiriti safi ni kama 22. Sabuni hushusha ule wa maji, na tone linatandaa. Shida ni kwamba utando mwembamba pembeni mwa tone macho hayauoni. Tia wino wa hailaita ya njano (kalamu ya kukolezea maandishi), matone mawili kwenye kikombe cha maji ya sabuni (dawa usiweke), dondoshea tone kwenye jani, mulika gizani kwa taa ya kukagulia noti: wino utang'aa. Ukiona wekundu hafifu, hiyo ni klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani lenyewe.

Mara ya kwanza nilizidisha wino. Katikati ya tone pakafifia, pembeni pakawaka, nikaamini kabisa kwamba mchanganyiko wote umekimbilia pembeni. Nilipoupunguza mara kumi, tone likawaka mpaka katikati. Rangi ikizidi hujimezea mwanga wake, kwa hiyo mng'ao hukuonyesha unene wa maji pale tu wino ukiwa kidogo.

Ukichanganya spiriti, kuwa makini zaidi. Spiriti hukauka kwanza, hasa ukingoni. Panabaki maji mengi, mvutano wa pale unapanda na kulivuta tone. Mhandisi James Thomson alilieleza jambo hili mwaka 1855 kwa mvinyo kwenye glasi. Wino haukauki ukapotea, kwa hiyo pete unayoiona mwishoni ni mahali wino ulipobaki, si eneo lote lililolowa. Rekodi video kwa simu tangu tone linapogusa jani, na pembeni weka tone la maji na wino bila sabuni, maana wino wenyewe unaweza kusaidia kutandaza.

Kisha weka mchanganyiko wa maji, sabuni na wino kwenye bomba safi, pulizia mche mmoja jioni, umulike usiku. Kwangu juu ya majani palijaa mng'ao. Nikageuza jani: chini hapakuwa na kitu, na ndiko viwavi walikokuwa. Sasa napulizia mdomo wa bomba ukielekea juu, kutoka chini ya jani.