Binamu akikuuliza kama rumeti wako anacheza leo, usimjibu

Januari 2023, saa nane mchana kwa huku, nimekaa jikoni napambana na ugali wa unga wa Kimeksiko ambao haushikani hata ufanyeje, rumeti wangu anaingia katoka mazoezini. Yeye alikuwa wa basketi, mimi mbio, wote tuko kwenye skolashipu katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Anachechemea, kifundo kimefungiwa mfuko wa barafu kwa ile nailoni nyembamba, anafungua friji anasema kocha kamwambia leo akae benchi. Hakuna cha zaidi. Dakika kumi baadaye binamu yangu wa Arusha, kule ni saa tano usiku, ananicheki WhatsApp: "Kaka, yule mshkaji wako anacheza leo?" Na mimi bila hata kufikiri, "Hachezi, enka imevimba kama embe."

Kesho yake mama ananipigia kunishukuru. Kunishukuru nini? Kumbe dogo, yule binamu, kaenda kubadilisha mkeka wake wa kubeti, kaweka wapinzani, mkeka umetiki, akamrushia mama elfu ishirini na kumwambia ni zawadi kutoka kwa mwanao Marekani. Mama kafurahi, kanunua mchele na mafuta. Nikabaki nimeshika simu nacheka, nikaona dogo mjanja kweli.

Wiki mbili mbele tukaitwa timu zote kwenye kikao cha sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kile ambacho kila mtu huwa anasinzia. Yule mama wa ofisi ya sheria za michezo akasema kitu kimoja, kwamba marufuku siyo kubeti tu, hata kumpa habari za ndani mtu anayebeti ni kosa, uwe umelipwa au hujalipwa. Kijasho chembamba kikanitoka. Mimi nilikuwa nimejipanga kutobeti na kweli sikuwahi kubeti Marekani hata dola moja, kumbe nimeshaingia kwa mlango wa nyuma, tena nyumbani kwetu wameshakula mchele wa hiyo hela. Sikusema kwa mtu. Nilipaswa kusema, ila niliogopa skolashipu, na skolashipu ikienda na viza nayo inaanza kuyumba.

Nawaandikia nyie mnaokuja huku kukimbia, kucheza mpira, tenisi, chochote. Sisi tumekulia kwenye kubeti, kibanda cha mkeka kiko jirani na duka la mangi, kuulizana nani kaumia ni salamu kabisa. Huku zamani ilikuwa tofauti, kwa sababu sheria ya 1992 ilizuia karibu majimbo yote kuruhusu kubeti michezo, isipokuwa Nevada na mengine machache, mpaka tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta baada ya New Jersey kuipinga, na sasa zaidi ya majimbo 35 yanaruhusu. Maana yake jamaa uliyekaa naye darasa la hesabu ana apu mfukoni na wewe ni mchezaji anayeonekana kwenye hiyo apu.

Na usidhani ni mechi nzima tu. Wanabetia mchezaji mmoja mmoja, atapata pointi ngapi, ribaundi ngapi (mipira anayoidaka baada ya mtu kurusha na kukosa). Machi 2024 Armando Bacot wa North Carolina alisema alipata meseji zaidi ya 100 za kumponda kwa sababu hakufikisha ribaundi ambazo watu walikuwa wameweka hela, na hiyo mechi timu yake ILISHINDA! Mwezi huohuo rais wa NCAA, Charlie Baker, akaomba majimbo yote yafute mikeka ya namna hiyo kwa wachezaji wa vyuo. Ohio na Maryland wamefuta, kwingine bado. Mimi naona wote wangefuta, kwa sababu timu kufungwa ni kazi ya watu wengi ila ribaundi moja kuikosa ni siri yako na kidole chako.

Kilichonitoa usingizi kabisa ni Aprili 2023, mwaka uleule wa meseji yangu kwa binamu. Kocha wa besiboli wa Alabama, Brad Bohannon, alimtumia meseji mtu aliyekuwa kwenye kibanda cha kubeti pale uwanja wa Cincinnati, kwamba mrushaji wake wa mpira hataanza dhidi ya chuo cha LSU. Jamaa akataka kuweka dola 100,000 papo hapo, wahudumu wakastuka. Kocha akafukuzwa ndani ya siku chache. Sasa mimi nilisoma hiyo habari nikaona enka yangu na embe langu, tofauti ni sifuri tu.

Mambo mengine haraka. Simba na Yanga nayo ni mpira wa miguu, na NCAA ina mpira wa miguu, kwa hiyo usibeti hata kupitia akaunti yako ya nyumbani. Kutumia jina la ndugu hakukufichi, kesi za Iowa za 2023 baadhi ya akaunti zilikuwa kwa majina ya ndugu, na simu yako inajua uko bweni gani. Halafu lile la hela, hapa nitawaambia ukweli, tangu Julai 2021 wenzako wanalipwa kwa jina na picha zao, wewe wa viza ya mwanafunzi, F-1, kuzigusa hizo hela ni shida, kwa hiyo atakayekuja na dola 200 za "swali dogo tu" anajua anamfuata nani. Ukiulizwa, jibu moja tu kwa wote, mzazi, mchumba, mshkaji wa kanisani: muulize kocha. Usiseme "yuko poa" pia, maana hiyo nayo ni habari.

Binamu nilimwambia akanuna mwezi mzima, eti nimeanza kujifanya Mmarekani. Bado tunaongea. Machi iliyopita mashindano ya basketi yakaanza akaniuliza tena nani kaumia, nikamtumia picha ya theluji mlangoni kwangu. Akajibu, "Hiyo odds zake ngapi?"