Mizani imeiba? Somo la vitendo kwa nusu kilo ya korosho

Katika shule nyingi za huku kusini mwa Tanzania neno "vitendo" limeishia kwenye jembe na fagio. Watoto wanapalilia mikorosho ya shule saa mbili nzima, andalio la somo linajazwa kwamba wamejifunza kwa vitendo, na jioni hakuna aliyeondoka na jambo ambalo hakulijua tangu kwao. Mtoto wa Tandahimba hafundishwi kushika jembe na mwalimu wake. Pengine yeye ndiye angemfundisha mwalimu.

Kosa hilo ni la zamani na halikuanzia kwetu. Mmarekani John Dewey, mwanafalsafa wa kujifunza kwa vitendo, ambaye kila aliyepita chuo cha ualimu ameandika jina lake kwenye daftari, alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896 akiwa na watoto 16 na walimu 2. Kufikia 1902 walikuwa watoto 140 na walimu 23, wasaidizi kando. Gawanya uone: watoto sita kwa mwalimu mmoja. Anayetaka kunakili shule ile jinsi ilivyokuwa, ndani ya darasa la watoto 80, anajitafutia aibu. Kinachofaa kuchukuliwa ni onyo alilolitoa mwaka 1938, alipoona wafuasi wake wamepotoka: si kila jambo analolipitia mtoto linamwelimisha, na mengine humfungia njia ya kujifunza zaidi. Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, hakuomba vibarua wa shamba. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba lao. Sehemu ya kuamua ndiyo tuliyoiacha njiani, tukabaki na ya kulima.

Kwa hiyo kabla ya kuwatoa watoto nje, tafuta kwanza swali ambalo wao wenyewe wanabishania, na ambalo mikono inaweza kulimaliza. Msimu wa korosho swali hilo liko tayari kila kijiji: baba amepima nyumbani kilo 20, korosho zikafika ghala la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijiji, siku chache baadaye, zikasoma pungufu. Je, mizani imeiba? Uliza hivyo darasa la tano au la sita mwezi wa Oktoba, na utapata kelele kabla hujageuka ubaoni. Darasa la saba wameshamaliza mtihani wao Septemba, na la nne wanakaribia upimaji wao, waache.

Sasa vifaa. Unahitaji kilo 4 na nusu za korosho ghafi mbichi, zilizookotwa siku hiyo au jana yake, zimetenganishwa na mabibo na hazijaoshwa. Usimwambie kila mtoto alete za kwake. Ukifanya hivyo, asiye na mkorosho ataokota kwenye shamba la jirani, na Jumatano utakuwa na mgeni ofisini. Azima kwa mkulima mmoja au tumia za shule, uahidi kuzirudisha zikiwa zimekauka. Gawa mafungu tisa ya nusu kilo. Manane yanaanikwa kila moja kwenye ungo wake wenye namba, juani mchana na ndani usiku kwa sababu ya umande. La tisa linafungiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko na kuwekwa kivulini, linapimwa Jumatatu na Ijumaa tu, kwa kuwa kila ukifunua unatoa unyevu. Bila fungu hili la tisa huna ushahidi wa chochote: mbishi yeyote atasema korosho hupungua zenyewe, jua au pasipo jua.

Mizani ya dijitali haihitajiki. Chukua ufito ulionyooka wa sentimita 80, ufunge kamba katikati na kuuning'iniza kwenye boriti. Kata vichwa vya chupa mbili za lita moja na nusu zilizo sawa, uzitundike sentimita 30 kila upande kutoka kwenye kamba. Ufito ukilala upande mmoja zikiwa tupu, bandika kipande cha udongo upande mwepesi mpaka ukae sawa. Kopo moja linapokea korosho, la pili maji. Nusu lita ya maji ni gramu 500, na chupa ya dukani ya nusu lita ambayo haijafunguliwa inatosha kwa kipimo. Ile iliyojazwa bombani hadi mdomoni inazidi. Mizani minne ya namna hii yatosha kwa nyungo nane.

Utamu uko kwenye bomba la sindano. Nunua duka la dawa mabomba mapya ya mililita 10, bila sindano zake. Kila siku korosho zikirudishwa kwenye mizani, upande wa maji utashuka. Mtoto anafyonza maji kidogo kidogo mpaka ufito ukae sawa, anasoma alichofyonza. Mililita moja ya maji ni gramu moja iliyopotea kwenye korosho, na kwa kuwa tulianza na 500, kila mililita 5 ni asilimia 1. Mtoto aliyekuwa akikariri asilimia kama nyimbo anaiona ndani ya bomba.

Watoto 80 wapange makundi 16 ya watano watano, makundi mawili kwa kila ungo: zamu A na zamu B. Jumatatu tumia vipindi viwili mfululizo, dakika 80. A wanahesabu na kupima nje huku B wakichora jedwali darasani, kisha wanabadilishana na B wanarudia kila kitu juu ya ungo uleule. Nusu kilo kwa kawaida hutoa korosho kati ya 80 na 120. Zamu A wakisema 93 na B wakasema 96, usiwape jibu. Waache wahesabu tena kwa mafungu ya kumikumi. Ubishi huo mdogo ndio mwanzo wa sayansi yenyewe. Jumanne A, Jumatano B, Alhamisi A, kila siku dakika 15 kwenye muda wa usafi wa asubuhi, saa ileile, na Ijumaa B wanapima mara ya mwisho. Ndani ya kundi awepo wa mizani, wa bomba, wa kuhesabu, wa kuandika na msemaji, na kazi zibadilike kila zamu. Usipozibadilisha, wiki itaisha wavulana wakiwa wameshika mizani na wasichana wameshika kalamu.

Panapoharibika panajulikana. Upepo unaufanya ufito ucheze, pima ndani. Mikono ya ufito isipolingana, mmoja sentimita 30 na mwingine 29, nusu kilo itasoma kosa la gramu 17 hivi, na kosa hilo laweza kuzidi upungufu wa siku nzima ya jua. Kulijua ni rahisi: korosho na maji vikishalingana, hamisha makopo, la kulia liende kushoto. Ufito ukilala, mikono si sawa. Kosa la tatu ni la kimyakimya: maji yakiachwa wazi kwenye kopo mpaka kesho nayo yanapungua, na namba zitakudanganya bila wewe kujua. Kila siku pima nusu lita upya, au yarudishe chupani na kufunga kizibo. La nne ni la binadamu. Ungo uliokuwa na korosho 93 leo una 88. Hapo uzito haukupotea kwa jua, ulipotea kwa mfuko wa kaptura. Ndiyo maana tunahesabu kila siku kabla ya kupima.

Usiruhusu kubangua wala kuchoma. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Mwenye kidonda mkononi aandike badala ya kushika, na wote wanawe kwa sabuni.

Wapo wanaodhani falsafa hii ya kujifunza kwa vitendo inamkataza mwalimu kufundisha. Si kweli, na kuamini hivyo kumeharibu vipindi vingi. Namna ya kutafuta asilimia haigunduliwi chini ya mwembe; Jumatano, watoto wakiwa na namba mbili tatu mkononi, simama ubaoni dakika 10 uwafundishe kwa chaki. Tofauti ni kwamba sasa wanaihitaji.

Ijumaa ndiyo siku ya somo, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa kisingizio cha muda. Chora ubaoni safu nane za nyungo na siku tano. Dakika 5 za kwanza kimya: kila mtoto anaandika kwenye daftari lake sentensi moja, mizani imeiba au haijaiba, kwa sababu gani. Kila mtoto, si mwandishi wa kundi peke yake. Kisha maswali matatu yanatosha: namba ipi haifanani na zingine, umejuaje, na ndoo iliyofungwa inatuambia nini. Ukishauliza, nyamaza, hesabu moyoni hadi saba. Walimu wengi hawafiki tatu. Wataona jua limechukua sehemu ya uzito, siku za mwanzo zaidi kuliko za mwisho. Halafu mmoja atauliza habari ya gunia tupu, ambalo nalo lina uzito wake, na mwingine habari ya mchanga na mawe. Mwingine atasema inawezekana mizani nayo ina kosa. Asinyamazishwe, ameona kwa macho yake sentimita moja ilivyofanya. Ukitaka kumwalika karani wa chama aeleze upimaji, aje baada ya ubishi, si kabla, na umwombe wiki nzima mbele kwa kuwa msimu hana nafasi. Habari za makato na malipo yaliyochelewa ziachwe kwa wazazi mkutanoni.

Mwalimu mkuu atauliza mtihani. Toa maswali mawili kwenye jedwali lenu kwa muundo wa mtihani, uyaweke kwenye jaribio la mwisho wa mwezi. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, naye utamwonyesha andalio lenye swali la siku, jedwali, na sentensi za watoto. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unataka umahiri, na huo ndio umahiri ulioandikwa kwa kalamu ya mtoto.

Msimu ukipita, maswali hayaishi. Newala na kwingineko juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida, uliza bati la darasa linakusanya ndoo ngapi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 8 kwa 6 kwenye mvua ya milimita 10 linapokea lita 480, ndoo 24 za lita 20. Eneo lipimwe chini, sakafuni, si kwa kufuata mteremko wa bati. Pwani, Kilwa au Mikindani, kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Hapo wengi hukosea kwa kwenda kusoma kipimo saa ileile kila siku, wakati kujaa kwa maji husogea mbele kama dakika 50 kwa siku. Andikeni saa ya kujaa, na kazi hiyo wapewe watoto wanaoishi ufukweni.

Na zile korosho za kuazima, zirudi kwa mwenyewe Ijumaa hiyohiyo, zimehesabiwa. Azipime mbele ya watoto. Akiuliza kilo 4 na nusu zake zimekwenda wapi, usimjibu wewe.