Kwa wanaoanza kujenga seva ndogo ya wavuti kutoka msimbo chanzo

Vijana wanaokuja kwetu Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo huwa wamezoea kusakinisha seva ya wavuti kwenye kompyuta kwa amri moja, kwa hiyo wakikabidhiwa kifaa chenye prosesa ya ARM, aina tofauti na ya laptopu nyingi, na kumbukumbu ya megabaiti 64, hukimbilia kukompaili, yaani kugeuza msimbo chanzo kuwa programu, kabla ya kukifahamu kifaa chenyewe. Ushauri wangu wa kwanza ni kukiuliza kifaa: amri ya uname -m itakutajia aina ya prosesa, na kule /lib utaona maktaba ya C, yaani msimbo wa msingi ambao programu nyingi huutegemea, iwe glibc au musl.

Mfano wangu ni CivetWeb, seva ndogo ya wavuti iliyochipuka kutoka seva nyingine iitwayo Mongoose mwaka 2013, baada ya Mongoose kuacha leseni ya MIT, yenye masharti machache, na kuhamia GPL, inayomtaka anayesambaza programu atoe pia msimbo chanzo wake. Anayekusudia kuuza kifaa chake asilipuuze suala hilo la leseni. Pakua toleo moja rasmi, hakiki faili lake na ulitunze kwenye flashi ya USB, kwa sababu kulipakua upya kila kukicha ni kumaliza bando bure.

Kazi yenyewe ipo kwenye kukompaili kwa ajili ya mashine nyingine. Ukiandika make peke yake kwenye laptopu, utapata programu ya laptopu; ni lazima uielekeze make kwenye kompaila sahihi, kwa mfano make build CC=arm-linux-gnueabihf-gcc, kisha uikague programu iliyopatikana kwa amri ya file kabla ya kuihamisha. Hapo ndipo wengi hukwama: wanaihamisha, wanaipa ruhusa ya kutekelezwa, wanaiita, na kifaa kinajibu kwamba faili halipo ilhali ls inalionyesha. Mara nyingi kinachokosekana ni kipakiaji cha maktaba kilichotajwa ndani ya programu hiyo, kama vile /lib/ld-linux-armhf.so.3, ambacho kifaa chenye musl hakina. Tumia kompaila inayolingana na maktaba ya kifaa, au unganisha maktaba zote ndani ya programu kwa -static na ukubali faili kuwa kubwa zaidi. Amri ya strip itapunguza ukubwa huo kwa kuondoa taarifa za utatuzi, yaani zile za kutafutia hitilafu.

Upande wa mipangilio, usiridhike na thamani za awali, kwani hazikuwekwa kwa kumfikiria mwenye kifaa kidogo. Kipengele cha num_threads huanza na 50, na kila uzi (thread, yaani mkondo wa kazi unaohudumia maombi) hudai sehemu yake ya kumbukumbu; kwa ukurasa unaofunguliwa na watu wachache ofisini, nyuzi chache zinatosha. Kipengele cha enable_directory_listing kimewashwa tangu awali, kwa hiyo kizime, la sivyo mgeni yeyote ataona orodha ya mafaili katika folda isiyo na ukurasa wa mwanzo. Kumbukumbu za matukio (logi) ziandikwe /tmp, iwapo folda hiyo iko kwenye RAM, ili hifadhi ya flashi ya kifaa isichakae mapema.

Umeme ukikatika, kifaa kisicho na betri ya saa kinaweza kuwaka kikiamini kuwa ni mwaka 1970. Ukitengeneza cheti cha HTTPS (faili la kuthibitisha utambulisho wa seva) cha siku 365 ndani yake wakati huo, kivinjari kitakikataa papo hapo kwa kuwa muda wake umepita. Cheti kitengenezwe kwenye laptopu yenye saa sahihi, ndipo kihamishiwe kwenye kifaa.