Kichocheo Huteua, Hakiteuliwi

Swali: Ninaandika kwa Kiswahili ikisiri ya tasnifu yangu ya kemia, na kichwa nilichokitunga ni "Hidrojenisho teule la kampaundi za aromatiki kwa vichocheo vya chembe nano za metali zinazosaidiwa". Msimamizi wangu anataka "uhidrojenishaji" mahali pa "hidrojenisho". Ni lipi lililo sahihi?

Jibu: Msimamizi wako ana haki. Kutoka taifa tumepata taifisha, na kutoka taifisha tumepata utaifishaji. Kwa njia hiyohiyo hidrojeni huzaa hidrojenisha, yaani kuiongezea molekuli atomi za hidrojeni, na hidrojenisha huzaa uhidrojenishaji. "Hidrojenisho" halivunji sarufi, kwa kuwa tunayo onyesho na fundisho, lakini nomino za namna hiyo hutaja zaidi tokeo au tukio moja, nawe unazungumzia mchakato. Hilo limekwisha. Linalonisikitisha ni kwamba mmebishana juu ya neno lenye afya, mkalipita bila kulitazama lile lililo mgonjwa, nalo ni "teule". Nimelikuta neno hili likitumiwa vibaya mara nyingi mno katika maandishi ya sayansi, na siwezi kulinyamazia tena.

Kiswahili kina njia ya zamani ya kumtenga mtenda na mtendwa kwa irabu moja ya mwisho. Aliyeshinda ni mshindi, aliyeshindwa ni mshinde. Mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, na mteule ni aliyeteuliwa. Ile -e ya mwisho ndiyo alama ya kutendwa. Anayeteua ni mteuzi, kama anayelea alivyo mlezi na anayejua alivyo mjuzi, kwa sababu sauti l ya kale, ambayo bado inasikika katika teuliwa na lelewa, hugeuka z inapokutana na -i. Wahenga waliposema mteuzi haishi tamaa, walimsema yule anayechagua huku na huku asiridhike, wala hawakumsema aliyechaguliwa. Kichocheo ni kitu kinachouharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha. Kwa hiyo ukiandika "kichocheo teule", msomaji mwenye Kiswahili chake ataelewa kwamba palikuwa na vichocheo vingi na wewe ukakipenda kimoja. Hukukusudia hivyo. Ulikusudia kichocheo ambacho chenyewe, kikiwekewa njia kadhaa za mmenyuko, hufuata moja na kuziacha nyingine.

Tofauti hii inabeba kemia yote ya tasnifu yako, na benzeni, iliyo mojawapo ya kampaundi za aromatiki, inaidhihirisha vizuri kuliko mfano mwingine wowote. Pete yake ya atomi 6 za kaboni ni imara mno. Kuihidrojenisha siklohekseni, pete nyingine ya kaboni 6 yenye kifungo maradufu kimoja tu, hutoa takriban kilojuli 120 kwa moli. Benzeni, ambayo kwenye karatasi huchorwa na vifungo vitatu vya aina hiyo, ingetarajiwa kutoa 360, lakini hutoa 208 hivi tu. Kilojuli zinazokosekana, takriban 150, ndizo kipimo cha uimara wa ile pete. Matokeo yake ni kwamba kazi ngumu iko mwanzoni: pete ikishapoteza umbo lake la aromatiki, vifungo vinavyobaki hupokea hidrojeni upesi, na molekuli huteremka moja kwa moja hadi sikloheksani, isiyo na kifungo maradufu hata kimoja. Kuisimamisha katikati, kwenye siklohekseni, ni kazi ya kichocheo kinachojua kuteua. Nchini Japani, kampuni ya Asahi Kasei ilianza mwaka 1990 kuifanya kazi hiyo kiwandani kwa chembe ndogo mno za metali ya rutheni ndani ya maji yenye chumvi ya zinki. Siklohekseni haiyeyuki kwa urahisi katika maji, hivyo mara inapozaliwa huondoka kwenye uso wa metali na kukimbilia kwenye tabaka la mafuta kabla haijapokea hidrojeni zaidi. Bidhaa hiyo huelekea baadaye kwenye utengenezaji wa nailoni. Mbele ya ustadi wa namna hiyo, wa metali na maji na chumvi kushirikiana kuisimamisha molekuli mahali pasipo na kituo, ninyi mnaandika "teule", kana kwamba sifa ni ya mtu aliyekiteremsha kichocheo kutoka rafuni!

Sasa igeuze shilingi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wafaransa Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walipitisha mvuke wa benzeni pamoja na hidrojeni juu ya nikeli ya unga laini, wakapata sikloheksani. Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1912 kwa kazi za aina hiyo. Mtu anayetaka sikloheksani tupu anaweza hadi leo kuiteua nikeli kwa sababu bei yake ni rahisi kuliko ya rutheni. Hapo nikeli ni kichocheo teule kwa haki kabisa, na wakati uleule haisimami kwenye siklohekseni hata kidogo. Sentensi "kichocheo hiki ni teule lakini si kiteuzi" ina maana kamili, tena ya kweli. Mwenye kuyachanganya maneno hayo mawili amejinyima uwezo wa kuisema.

Wako watakaonijibu kwamba uteuzi umeshakuwa neno la mawaziri na wakurugenzi. Sikubali. Neno halipotezi maana yake ya msingi kwa kutumiwa sana mahali pamoja, na katika kemia lina kipimo chake kinachoeleweka bila utata: zikimenyuka molekuli 100 za benzeni na 80 kati yake zikawa siklohekseni, uteuzi wa kichocheo kwa siklohekseni ni asilimia 80. Mwaka 2006 Avelino Corma na Pedro Serna walionyesha kwamba chembe nano za dhahabu juu ya oksidi ya titani huweza kuhidrojenisha kundi la nitro (nitrojeni moja na oksijeni mbili) katika molekuli iitwayo nitrostaireni na kukiacha salama kifungo maradufu kilicho jirani yake. Hicho ni kichocheo kiteuzi, na sioni neno lingine linalokistahili.

Yaliyobaki ni mepesi. "Aromatiki" liache lilivyo. Asili yake ni neno la Kigiriki la viungo vya kunukia, na August Wilhelm Hofmann alilitumia katika kemia mwaka 1855 kwa kampaundi za jamii hii, nyingi zikiwa na harufu ya kutambulika; leo sifa inayoziunganisha ni jinsi elektroni zinavyoizunguka pete, kwa hiyo yeyote atakayekushauri uandike "zenye kunukia" anakurudisha nyuma zaidi ya karne moja. Lakini "zinazosaidiwa" lifute kabisa. Chembe hizo hazisaidiwi na mtu; zimekaa juu ya kitu kingine imara, kama alumina, silika au kaboni, zikishikwa hapo zisisogeleane na kugandana, kwa maana zikigandana uso wa metali hupungua na kazi hupungua nao. Mimi hupendelea "zilizoegemezwa". "Zilizobebwa" silipendi sana, ila limeenea, na sina tena nguvu ya kuligombea.

Kwa kuwa nomino za u- zingekulazimisha kuandika "uhidrojenishaji mteuzi", maneno yanayosikika kama jina la mtu na cheo chake, tumia ki- ya namna, nacho kichwa chako kiwe hivi: "Uhidrojenishaji wa kiteuzi wa kampaundi za aromatiki kwa vichocheo vya chembe nano za metali zilizoegemezwa".